Nani Alimfundisha Mwalimu wa Wauguzi?

Kila mwaka napokea darasa la wauguzi watu wazima waliokuja kusomea uzamili, wengine ualimu wa uuguzi, wengine uongozi. Ni watu walioiva kazini. Yupo aliyeshika wodi ya watoto kwa miaka, yupo mkunga ambaye watoto aliowapokea sasa wanaleta wake zao kujifungua. Haipiti wiki ya kwanza kabla mmoja wao hajanyoosha mkono: "Mwalimu, samahani. Mimi nimeuguza miaka yote hii na wanafunzi nimewaelekeza wodini. Kuna nini kingine cha kufundishwa?" Ni swali la haki, na huwa nalijibu kwa historia, kwa sababu lilishaulizwa Marekani zaidi ya miaka 120 iliyopita. Waliolijibu walikuwa wauguzi, na jibu hilo waliligharamia wenyewe.

Florence Nightingale alifungua shule yake katika hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1860. Marekani, shule za mfano huo zilianza mwaka 1873, ikiwamo ile ya hospitali ya Bellevue, New York, na katika miongo miwili iliyofuata zikaenea kwa kasi. Kuenea huko hakukutokana na mapenzi ya elimu peke yake. Hospitali zilikuwa zimegundua kwamba mwanafunzi ni mfanyakazi wa gharama ndogo. Aliingia wodini asubuhi mapema, akafanya usafi, akaogesha wagonjwa, akagawa chakula, akafunga vidonda, na zamu yake ya usiku ilipofika akakesha. Mhadhara wa daktari ulikuja jioni, mwili ukiwa umekwisha kuchoka. Kama siku hiyo wodi imefurika, mhadhara uliahirishwa. Wodi haikuahirishwa kamwe.

Mwanafunzi huyo akihitimu vizuri, haukupita muda mrefu kabla hospitali nyingine haijamwita akawe msimamizi mkuu. Cheo kilikuwa kimoja, kazi nyingi: matroni wa hospitali, mkuu wa shule, mwalimu, mlezi wa bweni, msimamizi wa shuka, jiko na dobi. Hakuna aliyemfundisha hata moja kati ya hizo. Alifundishwa kumhudumia mgonjwa, akakabidhiwa taasisi.

Aliyeona pengo hilo mapema ni Isabel Hampton, mzaliwa wa Ontario, Kanada. Kabla ya kusomea uuguzi pale Bellevue, alikohitimu mwaka 1883, alikuwa mwalimu wa shule. Naamini jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu mtu aliyewahi kusimama mbele ya ubao anajua kwamba somo lina mpangilio wake: hili kwanza, lile baadaye. Alipoongoza shule ya wauguzi ya Illinois kule Chicago alipanga masomo kwa ngazi, na mwaka 1889 akachaguliwa kuanzisha shule ya hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore.

Mwaka 1893, Chicago ilipofanya maonyesho makubwa ya dunia, Hampton aliwakusanya wauguzi viongozi katika kongamano lililofanyika sambamba na maonyesho hayo. Alisoma mada kuhusu viwango vya elimu ya uuguzi: mafunzo yawe ya miaka mitatu, na mwanafunzi asifanye kazi zaidi ya saa nane kwa siku. Hapo ndipo wakuu wa shule za wauguzi wa Marekani na Kanada walipoanza kuunda jumuiya yao. Mwaka uliofuata aliolewa na Dakta Hunter Robb, na kwa desturi ya siku zile akaacha cheo. Kazi ya kuwatafutia walimu elimu hakuiacha.

Jumuiya ile ilibisha hodi katika Chuo cha Ualimu cha New York, Teachers College, kilichokuwa kimejiunga na Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1898. Mkuu wake, James Earl Russell, akakubali. Mwaka 1899 ikaanza kozi iliyoitwa uchumi wa hospitali, na wahitimu wake wa kwanza walikuwa wawili tu. Haikuwa shahada ya uzamili kama tunavyoijua leo. Wauguzi wengi wakati huo hawakuwa hata na shahada ya kwanza. Lakini msingi wa uzamili wetu ulichimbwa pale. Walisoma saikolojia, mbinu za kufundisha, sayansi, mapishi na lishe, na namna ya kuendesha hospitali. Chuo kilitoa nafasi na masomo yake ya kawaida. Masomo ya hospitali yenyewe yalifundishwa na wakuu wa shule za wauguzi, waliokuja kutoka kwenye vituo vyao bila kulipwa, na fedha za kuiendesha kozi zilichangwa na jumuiya yao. Mmoja wa wale wahitimu wawili, Anna Alline, baadaye aliisimamia kozi hiyo, kisha akawa mkaguzi wa shule za wauguzi katika jimbo la New York.

Wanafunzi wangu wakifika hapa huwa wananyamaza kidogo. Ndipo nawagawia karatasi na penseli nawaambia watengeneze rosta.

Naipenda kazi hiyo kwa sababu haidanganyi. Wodi ina vitanda 32 na wagonjwa 40. Wauguzi ni tisa: mmoja likizo ya uzazi, mmoja ananyonyesha, wawili ni wapya kazini. Zamu ni tatu: asubuhi, jioni, usiku. Aliyekesha Jumanne akatoka Jumatano asubuhi hapangwi tena jioni hiyohiyo. Kila zamu iwe na mzoefu mmoja, na wale wapya wasiachiwe usiku peke yao. Halafu naongeza sharti la mwisho: wiki hiyo mnapokea wanafunzi sita wa mwaka wa pili. Wapangeni.

Karibu kila mara hutokea jambo lilelile. Kwenye zamu iliyopungukiwa, penseli inakwenda moja kwa moja kwa mwanafunzi. Pengo la usiku wa Ijumaa, anawekwa mwanafunzi. Nawauliza: huyu hapa kaja kujifunza nini, na nani atamfundisha saa nane za usiku? Rosta inafutwa, inaanza upya, na safari hii mabishano yanakuwa ya maana, kwa sababu sasa wanabishana juu ya kumlinda mgonjwa na kumlinda anayejifunza kwa wakati mmoja. Anayeweza kuyafanya yote mawili kwenye karatasi moja ameanza kuwa kiongozi. Uzoefu wa kuuguza unasaidia, lakini peke yake haumfikishi hapo.

Pambano hilo la penseli ndilo lililokuwa kazi ya maisha ya Mary Adelaide Nutting. Naye alikuwa Mkanada, mhitimu wa darasa la kwanza la Johns Hopkins mwaka 1891, akaja kumrithi Hampton pale pale mwaka 1894. Mwaka 1896 aliwasomea wakuu wenzake ripoti ya takwimu za saa za kazi za wanafunzi katika shule za wauguzi, na kwa wengi siku ya kazi ilizidi saa kumi.  Shuleni kwake mafunzo yakawa ya miaka mitatu na siku ikawa ya saa nane, na mwaka 1901 akaanzisha miezi sita ya maandalizi darasani kabla mwanafunzi hajakabidhiwa wagonjwa.

Mwaka 1907 Nutting alihamia Teachers College akawa profesa, muuguzi wa kwanza duniani kushika kiti cha uprofesa. Miaka michache baadaye mchango wa tajiri Helen Hartley Jenkins uliiwezesha kozi ile kuwa idara kamili ya uuguzi na afya. Isabel Hampton Robb hakuishi kuona matunda yake yote. Mwaka 1910 aligongwa na tramu mjini Cleveland akafa. Wauguzi walimwombolezea kwa njia iliyomfaa: walianzisha mfuko kwa jina lake wa kuwasomesha wenzao.

Mlango huo haukufunguka kwa wote sawasawa. Wauguzi weusi wa Marekani walifungiwa nje ya shule nyingi na vyama vingi. Mwaka 1931 Estelle Massey, aliyejulikana baadaye kama Estelle Osborne, alipata uzamili pale Teachers College, muuguzi mweusi wa kwanza nchini humo kuufikia. Elimu hiyo hakuiweka ukutani. Aliongoza chama cha kitaifa cha wauguzi weusi na akapigania shule ziwapokee, mpaka chama chenyewe kikavunjwa mwaka 1951 kwa kuwa wanachama wake walikuwa wamepokelewa katika chama cha wauguzi wote.

Kwetu Afrika Mashariki, kwa muda mrefu matroni na walimu wa hospitali kubwa walikuwa wageni, na Mwafrika aliyetaka ualimu wa uuguzi alipanda meli au ndege kwenda Uingereza. Mwaka 1968, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, Nairobi ilianzisha chuoni stashahada ya juu ya uuguzi ili kuandaa walimu na viongozi. Mwaka 1981 Mkenya Eunice Muringo Kiereini, aliyekuwa muuguzi mkuu wa nchi yake, akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi. Muhimbili ilianza shahada ya kwanza ya uuguzi mwaka 1988. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Aga Khan kilileta Kenya, Uganda na Tanzania masomo yaliyopangwa ili muuguzi asome bila kuacha kazi, jambo lililowafaa sana akina mama wenye familia.

Kwa hiyo namwambia yule aliyenyoosha mkono: kiti ulichokalia kimelipiwa. Waliokilipia walijua kwamba muuguzi hodari anaokoa wagonjwa walio mbele yake, na mwalimu hodari anaokoa wale ambao hatawaona kamwe. Nalisema hili pia kwa wanaopanga bajeti. Muuguzi mfawidhi akiomba ruhusa ya masomo, mruhusuni, na pengo lake mlizibe kwa kuajiri. Mkufunzi akirudi na shahada, mpeni darasa, muda wa kuandaa somo na mshahara unaolingana na elimu yake. Tukimbakiza mwanafunzi kuwa kiziba pengo la zamu, tutakuwa na wahitimu wengi na wauguzi wachache.