Meza moja, maana mbili

Neno la Kiingereza "table" likitumiwa kama kitenzi ni mtego. London, kuiweka hoja mezani ni kuifungulia mjadala. Washington ni kuiahirisha, na mara nyingi ndiyo kuizika. Asili ni moja: tabula ya Kilatini, yaani ubao. Waingereza walitazama karatasi inapotua mbele ya wajumbe. Wamarekani, inavyoachwa palepale. Churchill anasimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa pande hizo walivyobishana weee juu ya waraka mmoja, kumbe wote walitaka ujadiliwe upesi. Bunge la Tanzania limefuata London: hati zinazowasilishwa mezani hutajwa mapema kikao kinapoanza.