Uchangishaji wa fedha za maktaba ya umma

Ni kazi ya kutafuta wafadhili wa maktaba, kupokea michango yao na kuwapa taarifa ya matumizi. Tanzania, maktaba za umma zinaendeshwa na Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyotokana na sheria ya 1963; bodi hiyo hupokea pia vitabu vya msaada kutoka Book Aid International ya Uingereza. Vitabu hupata mfadhili upesi. Paa, umeme na mshahara wa mkutubi, ambavyo bila hivyo vitabu hulala kabatini, havimpati kirahisi. Ndiyo maana mfano wa Nairobi una uzito: shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017, limechangisha fedha za kukarabati maktaba za Kaloleni na Makadara, majengo yenyewe. Wapo wanaohofu kwamba michango itaipa serikali mwanya wa kujitoa. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni makubaliano ya maandishi: mshahara ubaki serikalini, mchango uongeze huduma. Kwa mji kama Lukozi, wilayani Lushoto, kunakopakiwa mboga za kwenda Dar es Salaam, michango midogo ya wakulima na madalali kila msimu wa mavuno, risiti zikibandikwa mlangoni, ingefaa kuliko shehena moja ya vitabu kutoka ng'ambo, kwa kuwa mchangiaji ndiye msomaji na ataidai hesabu.