Shakespeare: Jina Lililohesabiwa Duni

Mwaka 1487 msomi mmoja wa Chuo cha Merton, Oxford, alikuwa ameliacha jina la ukoo wake. Aliitwa Hugh Shakspere. Akapenda aitwe Saunders. Daftari la chuo lilitaja sababu kwa Kilatini: jina lile lilihesabiwa kuwa duni.

Majina mengi ya koo za Waingereza yalianza kama lakabu katika Zama za Kati. Mtu alitambulishwa kwa kazi yake, kijiji chake au kituko chake, kisha watoto wakarithi. Shakespeare limeundwa kwa kitenzi cha kutikisa na nomino ya mkuki. Wenzake ni Wagstaff, mpunga fimbo, na Breakspear, mvunja mkuki, jina la Mwingereza pekee aliyepata kuwa Papa, mwaka 1154. Huenda mtikisa mkuki wa kwanza alikuwa askari. Huenda alikuwa mgomvi tu, na wapo wataalamu wanaohisi humo mzaha wa matusi. Miongoni mwa watu wa mwanzo kuandikwa kwa jina hilo ni William Sakspere wa Gloucestershire, aliyenyongwa kwa wizi mwaka 1248.

Karne moja hivi baada ya Hugh kulikimbia jina hilo, John Shakespeare, mshona glavu wa Stratford, alitaka kulipandisha hadhi. Oktoba 1596 alipewa nembo ya ukoo: ngao iliyochorwa mkuki, na juu yake kozi aliyeshika mkuki mwingine. Kilichokuwa dhihaka kikawa fahari. Lakini nembo hurithiwa na watoto wa kiume, na Hamnet, mtoto pekee wa kiume wa William mwana wa John, alikuwa amezikwa Agosti ya mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 11. Heshima ilifika, mrithi hayupo.

Mjukuu wa mwisho wa mshairi, Elizabeth, alifariki mwaka 1670 bila mtoto. Dada yake mshairi, Joan, aliacha kizazi, ila chini ya jina la mumewe, Hart. Kwa hiyo Mwingereza wa leo anayeitwa Shakespeare hawezi kuwa mzao wa mshairi. Jina lililowafanya watu wamtazame mara mbili lilipata utukufu wake katika kurasa za vitabu, na ukoo uliolibeba ulikuwa umekwisha.