Jasho na Saratani, Kutoka Glasgow Hadi Eyasi

Mwaka 1896 daktari mpasuaji wa Glasgow, George Beatson, alieleza jambo geni: alikuwa amemtoa ovari mama mwenye saratani ya titi iliyosambaa, na uvimbe ukanywea hadi ukatoweka. Homoni zilikuwa hazijajulikana bado.

Karibu miaka 90 baadaye, mwaka 1985, Rose Frisch wa Harvard alilinganisha wanawake 5,398 waliosoma vyuo vya Marekani. Waliokuwa wanamichezo tangu chuoni walikuwa wameugua saratani ya matiti kwa takriban nusu ya kiwango cha wenzao. Kwa nini? Wengi waliamini kuwa mazoezi huchoma mafuta, basi.

Jibu hilo lilitikisika huku kwetu Tanzania. Ukitoka Zagayu, mkoani Simiyu, ukavuka Wilaya ya Meatu, unaingia nchi ya wawindaji Wahadzabe, kando ya Ziwa Eyasi. Huko watafiti Herman Pontzer, Brian Wood, Frank Marlowe, Mtanzania Audax Mabulla na wenzao waliwanywesha Wahadzabe 30 maji yenye atomu nzito za haidrojeni na oksijeni, kisha wakapima mkojo wao ili kujua mwili unatumia nishati kiasi gani. Wanaume walitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Matokeo yalitoka 2012: ukizingatia ukubwa wa mwili, walitumia nishati sawa na Wamarekani wanaoshinda vitini.

Nishati ya mwendo ule ilitoka wapi, basi? Pontzer anasema mwili hubana matumizi kwingine, yakiwamo ya kutengeneza homoni za uzazi, zilezile ambazo Beatson alizikatia chanzo kwa kisu. Wataalamu bado wanabishana. Mimi naona hoja yake ina uzito.

Mazoezi yana njia nyingine pia. Watafiti wa Copenhagen walionesha mwaka 2016 kwamba panya waliokimbia walikuwa na uvimbe wa saratani uliopungua kwa zaidi ya asilimia 60, kwa kuwa adrenalini ilizitoa seli za kinga zikaingia kwenye damu na kuufikia uvimbe.

Lakini mama wa Zagayu anayepalilia pamba asidanganywe. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi, na chanzo chake ni kirusi cha HPV, ambacho jembe halikizuii. Kinachokizuia ni chanjo, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Kwa mama zao upo uchunguzi wa kupaka siki, unaoonesha mabadiliko mapema, kabla safari ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, haijawa ya lazima.