Wasifukazi: sifa ipi itangulie?

VIJANA wanaosaka ajira huniletea wasifukazi wao niupitie kabla ya kuutuma. Mwingi hufuata mtiririko ule ule: tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, shule ya msingi, shule ya upili. Ujuzi ambao mwajiri anautafuta umejibanza ukurasa wa tatu, jirani na uraibu. Kwani mwajiri ana subira ya kufika huko?

Hebu tuidurusu historia kidogo. Mnamo 1482 hivi, Leonardo da Vinci, akiwa na umri wa miaka 30, aliandaa barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Leo tunamjua Leonardo kama mchoraji. Lakini katika barua hiyo, uchoraji haukutangulia. Alianza na madaraja mepesi ya kubebeka vitani, mbinu za kuzingira ngome, mizinga, na magari yaliyofunikwa ya kupenya safu za adui. Ni katika hoja ya 10 alipogusia kazi za wakati wa amani, yaani ujenzi na kuelekeza maji. Uchongaji na uchoraji ukafuata baadaye.

Je, Leonardo aliidharau sanaa yake? La hasha! Milan ilikuwa na maadui, na mtawala wake alihitaji mhandisi wa vita. Leonardo alimsoma msomaji wake kwanza, kisha akazipanga sifa zake kwa mujibu wa haja ya huyo msomaji. Tena hakuishia kwa maneno matupu: aliahidi kuyathibitisha kwa vitendo madai yake yoyote yatakayotiliwa shaka. Sanaa haikupotea. Ni huyo huyo Ludovico aliyekuja kumpa kazi ya kuchora Karamu ya Mwisho.

Leonardo alikuwa na uhuru wa kuamua kipi kitangulie katika maelezo ya maisha yake. Hapa kwetu, mababu zetu walinyimwa uhuru huo. Sheria ya 1915 ya kuwasajili Waafrika, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimu wanaume kubeba kipande, aghalabu ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kipande kilionyesha jina, kabila, alama za vidole, kazi alizowahi kufanya mhusika na saini ya mwajiri. Ulikuwa wasifukazi wa aina yake, ila mwenyewe hakuwa na usemi juu yake. Bila saini ya bwana wa zamani, kupata kazi kwingine kulikuwa balaa. Si ajabu Harry Thuku na wenzake walikipinga vikali mnamo 1921.

Ndiyo maana hunisikitisha kumwona kijana aliye huru akiyapanga maisha yake kama karani wa usajili: jina, kabila, tarehe, basi. Ndugu msomaji, lisome tangazo la kazi kwa makini. Pigia mstari sifa zinazotakiwa. Ulizo nazo ziweke ukurasa wa kwanza, kila moja na ushahidi wake: ulifanya nini, wapi, lini, kukawa na tija gani. Kazi ya karibuni itangulie ya zamani. Kama hujawahi kuajiriwa, mafunzo ya nyanjani au kazi ya kujitolea inayohusiana na nafasi hiyo na ipande juu. Shule ya msingi inaweza kungoja.

Wapo wanaoona haya wakidhani huko ni kujigamba. Lugha yenyewe inatutoa wasiwasi. Maneno 'wasifu' na 'sifa' yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kueleza jinsi kitu kilivyo. Kueleza ulivyo, tena kwa ukweli, si kujisifu. Usiponena uliyo nayo, atakunenea nani?