Dani na Daftari la Misiba

Kamati ya jubilii iliniomba niandike historia ya kwaya yetu tangu 1975. Nilianza na majina ya walimu wa kwaya, sare tulizobadilisha na vikombe tulivyoshinda, nikaona kwamba mambo hayo picha za ukutani pale ofisini zinayaeleza vizuri kuliko mimi. Nilikuwa karibu kukata tamaa, ndipo mjukuu wa Dani akaniletea daftari.

Ni daftari la shule, jalada la buluu, mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Kila ukurasa una safu nne zilizopigwa kwa rula: tarehe, jina la marehemu, mahali, nauli. Dani alikuwa mweka hazina wetu kwa zaidi ya miaka 30, na kila msiba tuliokwenda kuimba aliuandika humo. Hakuandika harusi hata moja. Harusi, alisema, zina wapiga picha wake.

Kwa mliojiunga juzi: dani ndivyo Wajaluo wanavyomwita nyanya. Waluhya na Wakisii wa kwaya walimwita hivyohivyo, na sijui kama wengi wao walijua jina lake la ubatizo. Nami nitamwita hivyo hapa.

Alizaliwa Alego mwanzoni mwa miaka ya thelathini, akasoma shule ya wasichana ya Ng'iya, ya wamisionari wa CMS. Huko ndiko alikojifunza solfa. Ni kizazi cha wanawake kilichotupa Grace Onyango, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Kisumu na, mwaka 1969, wa kwanza kuchaguliwa Bungeni nchini Kenya, na Grace Ogot, muuguzi aliyegeuka mwandishi. Dani hakuandika kitabu wala hakugombea kiti. Aliolewa Asembo na mfanyakazi wa reli, akaletwa Kisumu kuishi landhi, na sauti yake ya pili akaja nayo.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuimba msibani hakukuanza na sisi.

Reli ilifika ziwani mwaka 1901, na mji huu ukaitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kurudi. Mwaka 1906 CMS wakafungua kituo Maseno chini ya J. J. Willis, na mwaka huohuo Waadventista wakiongozwa na Arthur Carscallen wakaanza Gendia, ng'ambo ya ghuba. Waliwakuta watu ambao tayari walijua kukabiliana na kifo. Palikuwa na nduru alfajiri ya kwanza. Palikuwa na tero buru, wanaume wakikimbiza ng'ombe kwa mikuki na ngao ili kukifukuza kifo kitoke bomani. Palikuwa na mpiga nyatiti aliyekaa chini ya mti akitaja matendo ya marehemu na ya baba zake. Wakristo wa kwanza waliambiwa mengi kati ya hayo waache. Dani alisema mamake alimsimulia kwamba maziko ya wasomaji wa mwanzo yalikuwa kimya mno, hata majirani wakasema, hawa watu wa kitabu hawawapendi maiti wao. Nadhani ndiyo sababu wimbo ulishika haraka sana huku kwetu. Agano Jipya la Kijaluo lilitoka 1926, Biblia nzima 1953, lakini watu walikuwa wameshaanza kuimba makaburini kabla ya wengi wao kujua kusoma. Kimya kilikuwa kikubwa, na palihitajika kitu cha kukijaza.

Kwaya yetu ilizaliwa Jumamosi moja ya 1975, mwaka mmodi baada ya Henry Okullu kuwa askofu wa Maseno Kusini. Fundi mmoja wa reli alikuwa amefariki, na majirani zake wa landhi walitoka kila upande: Waluo, Waluhya, Wakisii, mmoja Mtaita. Kila mtu alijua nyimbo kwa lugha ya kwao. Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya karakana na ya kituo, kwa hiyo walifungua Tenzi za Rohoni wakafanya mazoezi usiku wa Ijumaa kando ya moto wa matanga. Walikuwa 11. Dani aliandika mstari wa kwanza wa daftari usiku huo. Ndiyo maana mpaka leo sisi ni kwaya ya ibada ya Kiswahili, na anayeuliza kwa nini hatukuanza na Kijaluo katikati ya Ujaluo ajue hivyo.

Mwaka 1979 mume wake mwenyewe akafariki. Watu wa mbali hawawezi kuelewa uzito wa jambo lililofuata. Kwa desturi mjane alipaswa kukubali ndugu wa mume, jambo tunaloliita tero, na aliyekataa alihesabiwa kuwa anawaletea watoto wake chira. Wazee wa boma walimpa muda. Dani hakubishana nao. Aliwapikia, akawahudumia, na siku ya nne akavaa sare ya kwaya juu ya nguo zake za msiba, akawaambia kwamba ameshaolewa mara moja na hana haja ya mwalimu wa pili. Shemeji mmoja hakukanyaga kwake kwa miaka tisa. Daftari linaonyesha kwamba shemeji huyo alipofiwa na mkewe, kwaya ilikwenda. Nauli alilipa Dani.

Alikuwa na kanuni moja iliyowachosha walimu wa kwaya. Hatukuruhusiwa kuanza kuimba mpaka vilio vitulie vyenyewe. Mwalimu mmoja, kijana aliyekuwa ametoka chuo, alitaka kuingia na kinanda ili kufunika kelele za mama aliyekuwa akigaagaa chini. Dani alimshika mkono. Baadaye njiani, ndani ya matatu, akatueleza: Yesu alijua kwamba baada ya muda mfupi Lazaro atatoka kaburini akitembea, na bado alilia. Na Paulo alipowaandikia Wathesalonike hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Dani alisema kuna wahubiri ambao husoma nusu ya kwanza ya mstari kisha hufunga kitabu.

Kesi ya S. M. Otieno ilipokuja, tangu Desemba 1986 hadi alipozikwa Nyalgunga Mei 1987, kwaya iligawanyika kama nchi nzima. Wengine walikuwa na mjane aliyetaka kumzika Ngong, karibu na Nairobi, wengine na ukoo wa Umira Kager. Mazoezi yalikuwa yanachelewa kwa mabishano ya redio. Dani alisikiliza wiki nyingi kabla ya kusema kwamba siku ya parapanda Mungu hatapotea njia kati ya shamba na shamba. Kisha akaongeza haraka kwamba yeye, hata hivyo, azikwe Asembo, kushoto mwa nyumba yake kama inavyompasa mwanamke, na mtu asije akamfanyia ujanja. Tulicheka sana.

Baada ya hapo kurasa zinajaa.

Sijui niwaelezeje vijana miaka ile. Fungueni daftari kuanzia katikati ya miaka ya tisini. Mahali ambapo mwaka mzima ulikuwa ukichukua ukurasa mmoja na nusu, sasa mwaka 2001 peke yake unachukua kurasa saba. Jumamosi moja ina mistari mitatu: Kendu Bay, Kombewa, Nyalenda. Tuligawana, soprano wawili huku, besi mmoja kule. Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwezi Novemba 1999, lakini sisi tulikuwa tumeshajua kwa miguu yetu. Mochari zilijaa, na jioni za Ijumaa barabara ya kwenda Bondo ilikuwa na majeneza juu ya magari mpaka unazoea. Na kuzoea ndiko kulikotisha.

Katika mkutano mmoja wa kwaya mtu alisema, kwa nia njema nafikiri, kwamba tuwe tunachagua. Kwamba kuna vifo ambavyo kanisa likienda kuimba litaonekana linabariki dhambi. Wengine waliitikia kwa vichwa, nami nilikuwa miongoni mwao. Nilikuwa na miaka 26 na nilijiona mtakatifu. Dani hakutoa hotuba. Alifungua daftari, akalizungusha mkono kwa mkono, akatuomba tuonyeshe safu ambayo ndani yake ameandika sababu ya kifo. Safu hiyo haikuwapo. Akasema kama kuna mtu anataka iongezwe, rula ni hii. Hakuna aliyeichukua.

Mwaka uliofuata, 2002, kuna mstari ulioandikwa kwa mkono uleule, wino uleule, bila alama yoyote ya kuutofautisha. Ni jina la binti yake wa pili. Mahali: Asembo. Nauli: 0.

Tulidhani tutamwona akiimba Jumapili iliyofuata, kwa sababu tulimfanya kuwa mwamba na mwamba haulii. Hakuja Jumapili mbili. Ya tatu alikuja, akakaa mahali pake kwenye safu ya alto, akafungua kitabu na asifungue mdomo. Ilikuwa hivyo kutoka Oktoba hadi Pasaka. Alisimama tuliposimama na kuketi tulipoketi. Kasisi alimwendea, akamwambia kwamba hakuna ubaya akipumzika nyumbani. Alijibu kwamba amekuja ili wengine wamwimbie, kwa kuwa zamu yake imefika. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu tumaini, lakini ninapotaka kulifikiria ninaiona miezi ile sita, mwanamke mwenye kitabu kilichofunguliwa asiyeweza kuimba na asiyeondoka. Asubuhi ya Pasaka, ubeti wa tatu, alto ikawa nzito ghafla. Hatukugeuka kumwangalia. Mwalimu aliomba ubeti urudiwe, na yeye mwenyewe hakuweza kuuongoza.

Watoto watatu wa binti huyo alilea yeye. Aliyeniletea daftari ni mmoja wao.

Msiba wa mwisho alioandika ni wa Februari 2020. Mwishoni mwa Machi makanisa yalifungwa kwa ajili ya korona, na Dani, karibu na miaka 90, alikuwa akitupigia simu mmoja mmoja kuuliza kama tunafanya mazoezi nyumbani. Alilala katika Bwana mwezi Mei, kwake Asembo, kwa uzee tu, mchana, akiwa amemaliza chai.

Sheria ya wakati ule iliruhusu watu 15 kaburini. Nairobi ilikuwa imefungwa, na mwanawe wa kwanza hakupata kibali kwa wakati. Orodha ya majina ilibishaniwa usiku kucha, kwa maana ukiondoa kasisi na wachimbaji, 15 ni watoto na wajukuu tu, na hata hao hawatoshi. Alfajiri wajukuu wanne walijitoa kwenye orodha ya nyanya yao wenyewe, wakasema nafasi hizo ni za kwaya, sauti moja kwa kila moja. Wakasimama nje ya ua, barabarani, umbali ule ulioagizwa. Teno aliyekwenda si mimi. Alichaguliwa aliyekuwa karibu. Mimi nilisikiliza kwa simu nikiwa Manyatta. Mtandao ulikuwa mbaya na barakoa zilifunika maneno. Nilisikia besi, na upepo wa ziwani, na jogoo.

Mwanamke aliyetuimbisha kwa familia nyingi kiasi hicho alizikwa na sauti nne. Familia haijawahi kutulaumu. Lakini tangu siku hiyo hatujawahi kwenda sote.

Kwa hiyo kamati imekubali. Jumamosi inayofuata sherehe hizi, basi litaondoka uwanjani pa kanisa saa kumi na mbili asubuhi, kupitia Holo na Kombewa, kuelekea Asembo. Nauli ni shilingi 600 kwenda na kurudi. Wazee waliokuwa kwenye kwaya kabla ya 1990 hawalipi. Sare ni ile ya zamani, nyeupe na buluu, aliye nayo. Wenye majina ya watu wao ndani ya daftari wanakaribishwa hata kama si wanakwaya, kwani tutapita tukiyasoma yote kabla ya kuimba, na yatachukua muda. Daftari nitalibeba mimi. Mstari wa Dani mwenyewe haujaandikwa bado. Mjukuu wake atauandika pale pale, na amesema safu ya nauli ataijaza kwa hesabu kamili, kwa sababu bibi huyo hakupenda hesabu zenye mapengo.