Kambi, Posho na Soko: Mji wa Shaba katika Ushairi wa Kiswahili

Mshairi wa Kiswahili anapousawiri mji ulioharibika, aghalabu hutazama nyuma. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anayaeleza majumba matupu ya Pate ili kuuonya moyo wake. Hali ya Kolwezi ni tofauti. Mji huo uliasisiwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1937 kwa ajili ya madini. Hakuna mji wa kale uliotangulia biashara na wageni. Hata Kiswahili kilifika Katanga pamoja na misafara ya karne ya 19, iliyofuata shaba na pembe hadi Bunkeya ya Msiri, kisha kikaenezwa na kambi za wafanyakazi.

Kwa sababu hiyo, ushairi wa huko, ambao kwa sehemu kubwa huimbwa, haukuwa na paradiso ya kuomboleza. Mwenda Jean Bosco, mzawa wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo. Wimbo wake, Masanga, ulivuka mipaka upesi, na baada ya muda utungo wenyewe ukaingia sokoni: huko Nairobi, Bosco aliitangazia dawa ya Aspro, naye Édouard Masengo akaitangazia Coca-Cola. Mtunzi hakulitazama soko kwa mbali. Alikuwa ndani yake.

Jibu la namna nyingine lilitoka Musonoi, kando ya Kolwezi, ambako padri Placide Tempels na wachimba migodi walianzisha Jamaa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kampuni ilimpima mtu kwa kazi na kumlipa kwa mshahara na posho. Jamaa, katika mafundisho na nyimbo zake, ilimweleza mtu huyo huyo kwa mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Haikuwa harakati ya kugoma. Hata hivyo, ilikataa kwamba thamani ya mtu huishia mikononi mwake.

Gécamines, iliyorithi migodi mwaka 1967, iliporomoka katika miaka ya 1990, na posho ikakatika. Kuanzia mwaka 2014, kobalti ilichimbwa katika mtaa wa Kasulo, ndani ya viwanja na chini ya nyumba zenyewe. Huko Pate wakazi walitoweka, kuta zikabaki; Kasulo wakazi wenyewe walitoboa sakafu zao.

Mtaala unaoupima ushairi kwa vina na mizani pekee hauwezi kuisikia historia hii. Waliozijua kambi za miaka ya 1950 wamebaki wachache. Tungo zao hazina budi kukusanywa sasa, katika Kiswahili chao cha Katanga, bila kusahihishwa ziwe sanifu. Kwani msamiati wa kazi, kambi na posho ndio uliobeba ushahidi wa jinsi mji huo ulivyoishi na wageni wake.